Kati ya "Amepona" na "Anapona"

Siku tuliyotoka hospitalini, mdogo wangu alikuwa na miaka 8 na hakuweza kushika kijiko. Nilimbeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto wa mwaka mmoja, miguu yake mirefu ikining'inia na kunigonga mapajani kila hatua. Tulipokaribia nyumbani wanawake wa jirani wakatoka na vigelegele. Mmoja alikuwa ameshachinja kuku. "Amepona! Amepona!" Mama, ambaye kwa siku 11 hakuwa ameugusa mto, alikaa chini palepale mlangoni akalia.

Na mimi nililia. Niliamini neno lile. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba lilitamkwa mapema mno, na kwamba kwa kulitamka mapema tulimdhulumu mtoto yule bila kujua. Lugha yetu inatofautisha mambo haya kwa silabi moja tu: amepona, anapona. Ukisema la kwanza umefunga mlango. Watu wanarudi mashambani, waliokuwa wakikesha wanalala, mwalimu anamngojea darasani, na mgonjwa anabaki na kazi yake yote mbele yake, bila wa kumshika mkono.

Sisi ni watu wa Lukafu, huko Katanga, Kongo, chini ya ukuta wa Kundelungu, upande wa bonde la Lufira. Kabla Lubumbashi haijaanzishwa mwaka 1910, wakoloni wa Comité Spécial du Katanga waliwahi kuweka makao yao hapa. Leo ni mahali pa wakulima, na barabara ya udongo ya kwenda Lubumbashi hugeuka tope wakati wa mvua. Lori linaweza kulala njiani. Ilikuwa mwezi wa pili wa mwaka 2009. Nilikuwa na miaka 19, nasoma ualimu mjini, nimekuja kusalimia tu, na begi langu sikuwa hata nimelifungua lote.

Homa ilianza Jumapili. Jumatatu tukampa vidonge vilivyokuwa vimebaki nyumbani, tukamfunika. Jumanne alfajiri mwili ukakakamaa, macho yakapinduka, na tangu hapo hakuitika jina lake. Baba alimpakia kwenye baiskeli, akaisukuma mbio, mimi pembeni nimeshika kichwa kisianguke. Muuguzi alimtoboa kidole, akatazama kope zake kwa ndani, akasema malaria imepanda kichwani na damu imekwisha mwilini. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga. Wakamtundikia serumu ya kwinini, na pamoja nayo serumu ya sukari, kwa sababu malaria kali hushusha sukari ya damu na kwinini nayo huishusha. Damu ilikuwa haipo akibani. Wakatupima sisi ndugu. Yangu ilimfaa, nikalala kwenye benchi nikatoa.

Mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa garde-malade, yule ndugu ambaye hospitali zetu zote zinamtegemea na ambaye hayumo kwenye daftari lolote. Garde-malade ndiye anayepika, anafua, anamgeuza mgonjwa, anakimbilia dawa, anapunga nzi, anamwita muuguzi usiku serumu inaposimama. Niliifanya kazi hiyo siku nne mdogo wangu akiwa hajui yuko wapi. Siku ya tano, saa sita mchana, jua limejaa dirishani, alisema kwa sauti nyembamba:

"Yaya, juu ya nini bamezima taa?"

Nilipitisha mkono mbele ya macho yake. Hayakufuata. Nilimjibu kwamba mafuta ya taa yamekwisha, baba ameenda kununua. Huo ndio uongo wa kwanza niliomwambia, na nilimwambia mwingine mwingi baadaye kwa kudhani namlinda.

Sikujua wakati ule kilichotokea ndani ya kichwa chake. Vijidudu vya malaria huingia kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe zilizoingiliwa hunata kwenye kuta za mishipa midogo, ile ya ubongo ikiwamo, zikaziba njia kama takataka kwenye mfereji. Sehemu fulani za ubongo hukosa hewa na sukari kwa saa nyingi. Ndiyo maana mtoto anaweza kuamka na macho mazima lakini haoni, kwa kuwa kilichoumia ni pale ubongoni panapopokea kile macho yanacholeta. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku alinieleza hili polepole, akachora kwa kalamu kwenye kiganja chake. Akasema kwa watoto wengi kuona hurudi. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke yule na bado namshukuru.

Kuona kulirudi kweli. Tulikuwa na juma moja nyumbani, amekaa kwenye mkeka nje, uso kuelekea mashariki. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imeosha anga. Akanyoosha mkono wa kulia, ule uliokuwa unasikia amri, akachora mstari hewani kutoka kushoto kwenda kulia, akatamka kwa Kisanga neno la mlima. Kisanga cha nkambo, bibi yetu, ndicho kilichomrudia kwanza. Kiswahili kilifuata baada ya siku kadhaa, na Kifaransa cha shuleni kilichelewa kuliko vyote. Nkambo alisema ni kama mtu anayejenga upya nyumba iliyoungua, anaanzia kwenye mawe ya chini.

Mkono wa kushoto na mguu wa kushoto vilikuwa vimelegea. Naye alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Mkono aliouzoea ndio uliolala.

Hapa ndipo nilipokosea, na nataka kukaa hapa kidogo. Nilimlisha. Nilimlisha asubuhi uji wa soya na karanga, mchana bukari na sombe, jioni lengalenga na ndakala za kusaga, na mvua zilipoleta finkubala, wale viwavi wa kula, niliwakaanga nikamtafunia kidogo kwanza. Nilimwogesha, nilimvisha, nilimbeba kwenda chooni. Watu walinisifu. Mama alisema mbele ya wageni, "Bila huyu tungekuwa tumezika." Nami nilijiona nina kazi ambayo hakuna mwingine duniani angeiweza. Kila kijiko kilichoingia kinywani mwake kilikuwa kama deni ninalolilipa kwa siku ile ya Jumatatu tuliyomfunika badala ya kumpeleka.

Nkambo alinitazama majuma mawili bila kusema kitu. Siku moja wakati wa chakula alikuja akakaa kati yetu, akaninyang'anya kijiko. Akachana kipande cha kitenge kilichochakaa, akakizungusha kwenye mpini wa kijiko mara nyingi, akafunga na uzi, mpaka mpini ukawa mnene kama gunzi la mahindi. Akakiweka kwenye mkono wa kushoto wa mdogo wangu, akamkunja vidole kimoja kimoja. Kijiko kikaanguka. Nikainama kukiokota.

"Acha," akaniambia. "Iko na mukono yake."

Kikaanguka mara saba siku ile. Sahani moja ya bukari iliishia kwenye mkeka zaidi ya nusu, na sisi hatukuwa na chakula cha kumwaga. Alilia kwa hasira, akaniangalia mimi, si nkambo, kwa sababu alijua nani angekubali. Niliondoka nikaenda nyuma ya nyumba ili nisimsaidie. Sijawahi kufanya jambo gumu kuliko lile la kukaa nyuma ya ukuta wa matofali nikisikia kijiko kikianguka.

Baada ya hapo baba alisimika nguzo fupi uani, akalaza miti miwili mirefu juu yake, kimo cha kiuno cha mtoto, na kati yake mdogo wangu akaanza kutembea, ameshika huku na huku. Hakuna aliyemfundisha baba; alisema alikumbuka jinsi wanavyozoeza ndama aliyevunjika mguu. Mjini kuna wataalamu wa kunyoosha viungo, na mtu anayeweza kufika kwao afike, tena mapema. Sisi tulikuwa na miti, mchanga laini wa kuangukia, na mwanamke mzee asiye na haraka.

Juma la sita akawa mweupe tena. Homa, kuhema, kurudi hospitalini, serumu. Nilimlaani kila mbu wa Lufira. Nilidhani ni bahati mbaya yetu tu, lakini sivyo: mtoto aliyetoka hospitalini na upungufu mkubwa wa damu huwa hatarini kwa miezi kadhaa, na wengi hufia nyumbani baada ya vigelegele. Mwaka 2020 zilichapishwa habari za utafiti uliofanywa katika hospitali tisa za Kenya na Uganda, kwa watoto 1,049 walio chini ya miaka mitano waliotibiwa upungufu huo. Kwa waliopewa dawa ya malaria kila mwezi kwa miezi mitatu baada ya kuruhusiwa, vifo na kurudishwa wodini vilipungua kwa asilimia 70 katika muda dawa ilipokuwa inawakinga. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaupendekeza utaratibu huo. Niliposoma habari hiyo, mdogo wangu alikuwa kijana tayari, nami nilihesabu kwa vidole: juma la sita. Alikuwa katikati kabisa ya majira ambayo hatukuambiwa tuyaogope.

Masomo yangu yaliharibika mwaka ule. Sikurudi mjini mpaka mwaka wa masomo uliofuata. Sisemi hivi ili nihurumiwe. Nasema kwa sababu ndugu wa mgonjwa huwa haulizwi. Kila aliyepita aliniuliza, "Mutoto anaendelea?" Ni swali zuri, na nilijibu vizuri. Jirani mmoja tu, mjane, hakuuliza kitu. Alipita kila alfajiri akachukua ndoo zetu mbili za manjano, akaenda nazo mtoni na za kwake, akazirudisha zimejaa, akaziweka mlangoni. Aliendelea hivyo kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa sita. Siku nyingine nilisikia hatua zake nikiwa bado nimelala, nikajua nina nusu saa zaidi ya usingizi. Watu wengi walituambia, "Mukihitaji kitu, museme." Tulihitaji kila kitu, na kwa uchovu hatukuweza kusema hata kimoja.

Mwezi wa tisa alirudi shule. Alitembea mwenyewe, kwa kuchechemea kidogo, na kwa mtu wa kupita njia alikuwa mtoto mzima. Hapo ndipo neno "amepona" lilipomuumiza kweli. Zamani ungemtuma dukani vitu vinne akaleta vinne na chenji sawasawa. Sasa ulimtuma chumvi, akafika kona, akasahau, akakaa kuangalia mafundi wa baiskeli. Alianza sentensi akaiacha njiani. Alikasirika kwa jambo dogo, akatupa vitu, naye zamani alikuwa mpole kupita sisi sote. Mwalimu wake, ambaye sitamtaja, alimchapa kwa uvivu. Na mimi, ambaye nilimpa damu yangu, nilimpiga kofi siku aliyopoteza pesa ya sabuni. Alinishangaa tu. Hakujua mwenyewe kwa nini anapoteza.

Mwaka 2008, yaani kabla hata hajaugua, madaktari wa Mulago, Kampala, pamoja na wenzao wa Marekani walikuwa wameshachapisha walichokiona kwa watoto 44 wa miaka 5 hadi 12 waliopona malaria ya ubongo. Baada ya miaka miwili, asilimia 26 walikuwa na tatizo la kufikiri au kukumbuka au, hasa, kutulia kwenye jambo moja. Kwa watoto wa mitaa yao wasiougua, asilimia 8. Baadaye watafiti hao hao wa Uganda walijaribu kuwapa waliopona mazoezi ya akili kwa kompyuta, majuma manane, na waliyafaidi. Ukweli huo ulikuwepo duniani, umeandikwa, siku niliyomzaba kofi. Haukuwa umefika Lukafu.

Mwaka 2010, mwaka mmoja baada ya serumu zetu za kwinini, utafiti mkubwa katika nchi tisa za Afrika, na Kongo yetu ikiwamo, ulionyesha kwamba sindano ya atesuneti hupunguza vifo vya watoto kwa zaidi ya humusi kuliko kwinini. Ni habari ya furaha, na leo ndiyo dawa inayotumika. Lakini kila nikiifikiria nawaona wale waliookoka wakirudi nyumbani migongoni mwa dada zao, wengi kuliko zamani, na nauliza nani anawasubiri huko zaidi ya wapiga vigelegele.

Kisha kikaja kifafa. Ilikuwa jioni ya mwezi wa kumi na moja, watu wako kwenye maombi ya jirani, akaanguka katikati yao, akatetemeka, akatoa povu. Umati ukafunguka kama maji yanavyolipisha jiwe, hakuna aliyemgusa. Nilimlaza ubavu, nikaweka kitenge chini ya kichwa, nikasubiri. Usiku ule ule maneno yalianza kutembea. Mtoto aliyekufa akarudi. Mtoto aliyekula damu ya dada yake. Kesho yake wanaume watatu walikuja kumshauri baba ampeleke mahali wanapofunga watoto na kuwaombea mpaka wakiri.

Baba yangu si msemaji. Aliwapa viti, akawaacha wamalize. Kisha akasema: "Huyu mutoto iko mugonjwa. Haiko muloji. Mukirudi kwa hii maneno, hamutakuta kiti." Baadaye nilijifunza kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inamwadhibu anayemtuhumu mtoto kwa uchawi. Ilikuwa na miezi kumi tu siku ile, na baba hakuwa ameisikia. Alilijua tu lile alilolijua. Kama angeyumba usiku mmoja, mdogo wangu angeishia kwenye barabara za Lubumbashi kama wengi niliowaona huko, na kila nikiona mtoto amelala chini ya kibaraza mjini huwa nataka kumwuliza kama aliwahi kuugua homa kali.

Muuguzi alitupa fenobabito. Akaeleza kwamba kovu la ubongo laweza kuzaa kifafa miezi au miaka baada ya malaria. Huko Blantyre, Malawi, waliwafuatilia watoto 132 waliopona malaria ya ubongo, 12 kati yao wakapata kifafa. Kati ya wenzao 264 wa kulinganisha hakupata hata mmoja. Kwetu ilikuwa kidonge kila jioni, bila kuruka, kwa miaka. Niliporudi mjini kazi hiyo aliipokea mdogo wetu wa kike, akiwa na miaka 11, akachora alama ya mkaa ukutani kila aliponywesha. Ule ukuta haukupakwa chokaa tena. Alama bado zipo, kijivu, mistari kwa mistari.

Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi sasa. Kila mwezi wa tisa huwauliza wazazi swali ambalo halipo kwenye fomu: je, mtoto huyu aliwahi kulala bila fahamu? Wanaosema ndiyo, nawakalisha mbele, nawapa agizo moja kwa wakati mmoja, na nawatuma ubaoni mara nyingi, hata wakichelewa na darasa likinung'unika. Sina dawa nyingine.

Mdogo wangu hakurudi kuwa yule wa kabla ya Jumapili ile. Kwa muda mrefu nilimngojea yule, nikimtazama huyu kama mtu anayekaa kwenye kiti cha mwingine, na nadhani alilijua. Siwezi kusema siku gani niliacha kungoja. Ni fundi wa baiskeli pale pale konani alipokuwa anasahau chumvi. Hufanya kazi moja mpaka iishe ndipo aguse nyingine, na watu humpenda kwa hilo. Anaandika kwa mkono wa kulia, anakaza nati kwa wa kushoto. Kifafa kimemwacha miaka kadhaa sasa.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, nilikwenda kuwatembelea. Yule mjane wa ndoo, ambaye sasa ni bibi kizee, alikuwa amepooza upande mmoja majuma machache tu nyuma. Tulikwenda kumwona pamoja. Binti yake alikuwa anamlisha uji, kijiko baada ya kijiko, uso wake umechoka na umejaa mapenzi, na nikauona uso wangu mwenyewe. Mdogo wangu alikaa kando ya mkeka. Akatoa mfukoni kipande cha tairi la ndani, lile la baiskeli, akakikata kwa kisu chake, akakizungusha kwenye mpini wa kijiko, akakaza. Akamkunja bibi vidole, kimoja kimoja. Kijiko kikaanguka kwenye vumbi. Mkono wangu ukaenda wenyewe kukiokota, na kabla haujafika, mdogo wangu akaushika.